Maji Yatoka Wapi?

Somo letu ni Injili ya Marko, mlango wa 4, mstari wa 35 hata wa 41, habari ya dhoruba baharini. Lisomeni baadaye, polepole.

Tumezoea kuhubiri juu ya upepo na mawimbi. Lakini mvuvi ye yote wa Lamu au wa Vanga atawaambia kwamba dhoruba huja mara chache, na maji ya kuvuja huja kila siku. Dhoruba huonekana toka mbali. Maji ya kuvuja huingia kimya, yakakaa katika ngama chini ya mbao za kukanyagia, na mtu hana habari mpaka miguu inalowa.

Basi mashua ikivuja, watu hufanya nini? Kwanza hufua maji. Na kufua si kosa. Mtu akiwa katikati ya bahari hana njia nyingine. Lakini ziko mashua ambazo hufuliwa maji mwaka mzima, na kijana mwenye kopo akasifiwa kwa bidii yake, wala hakuna aulizaye maji yatoka wapi. Tumeyaona makanisa ya namna hiyo. Kila mwaka fedha hupungua, kila mwaka huitwa harambee. Washirika huleta kuku na mayai, vikapigwa mnada, pengo likazibwa. Mwaka unaofuata pengo ni lile lile. Mjane ametoa mara 3. Na akitokea mtu wa kuuliza hesabu, huambiwa ana roho ya ugomvi. Sisi twaona huyo ndiye baharia hasa katika kundi lile.

Kutafuta tundu ni kazi peke yake. Maji yakionekana upande wa tezi, si lazima yaliingia hapo. Huingia penginepo, yakafuata ubao, yakapita nyuma ya taruma, yakatokea mbali. Kwa hiyo fundi hukausha ndani kwanza kwa kitambaa, pakawa pakavu kabisa, kisha hukaa akitazama bila haraka. Au mashua ikiwa imepwelewa mchangani, hutia maji ndani yake, akazunguka nje kuona yanadondokea wapi, na hapo akapiga alama ya makaa. Nyumbani ni vivyo hivyo. Mume na mke wagombana juu ya sukari, jirani wakaja kusuluhisha habari ya sukari, na tundu liko kwenye deni ambalo mmoja wao amelificha tangu mwezi wa Januari.

Tundu likipatikana, kalafati ya zamani iliyooza hutolewa yote. Hapo wengi huchoka. Kusukumia pamba mpya juu ya ile iliyooza ni kazi ya nusu saa, na safari ya pili tu maji yamerudi. Mshono ukiwa safi, fundi husokota pamba iliyotiwa mafuta, akaipigilia kwa patasi butu na nyundo, kidogo kidogo. Akipiga kwa nguvu mno, mbao huachana, na aliyekuwa na tundu moja sasa ana mshono mzima ulio wazi. Wazee waendao kumwonya ndugu jioni, wanne kwa pamoja, na wote wakisema, wajiulize nyundo yao ni ya ukubwa gani.

Tena iko mashua iliyokaa nchi kavu miezi mingi. Mbao zimekauka, zimenywea, hata mwanga waonekana katikati yake. Mtu asiyejua kazi atataka kuijaza pamba kila mahali siku ile ile. Fundi humkataza. Mbao zikinywa maji huvimba, na zikikuta pamba imejaa tele husukumana mpaka misumari ikalegea. Mashua hiyo hutiwa majini karibu na ufuo, ikaachwa ijae siku 1 au 2. Kisha hufuliwa, na mara nyingi sehemu kubwa ya kuvuja imekwisha yenyewe. Yaliyobaki ndiyo ya fundi. Wako ndugu waliokaa mbali na ushirika miaka mingi, na Jumapili ya kwanza waliyorudi walikutana na maswali 10 mlangoni. Waacheni kwanza waketi, waimbe, wanywe maji.

Mwaka 1986, ukame ulipopunguza maji ya Bahari ya Galilaya, wavuvi wawili, ndugu wa nyumba moja, waliona mashua iliyozikwa katika matope. Wataalamu walipoipima waliona ni ya karibu na zamani za Bwana wetu. Urefu wake ni zaidi ya mita 8 kidogo, na upana mita 2 na ushei. Hatusemi ndiyo aliyolala ndani yake. Hakuna awezaye kujua hilo. Lakini imetengenezwa kwa zaidi ya aina 10 za miti, kiraka hapa, kipande kile, mbao nyingine zimetolewa katika vyombo vilivyokufa. Watu wa ziwa lile hawakuwa na fedha za mashua mpya. Walitafuta tundu, wakaziba, wakashuka tena majini.

Wiki hii, baraza la kanisa likikutana, mtunza hazina na alete daftari la hesabu mezani kabla ya harambee kutajwa. Na nyumbani leo usiku, watoto wakisha kulala, mwenye deni na aseme ni shilingi ngapi. Sasa tunyamaze kidogo na kuomba, kila mtu kwa moyo wake, kabla ya wimbo.