Jalada la Mgonjwa na Haki ya Aliyedhuriwa
Mhadhara wa umma uliotolewa Nkwenda, Wilaya ya Kyerwa



Mwezi wa Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa, hata yule aliyekwenda kutibiwa goti akapasuliwa kichwa, na yule aliyekuwa na uvimbe kichwani akapasuliwa goti. Na huyu wa pili akafariki dunia. Mwanzoni mwa 2018 msiba wa namna hiyo uliifika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi: madaktari walifungua fuvu la mtu wakitafuta donge la damu, kumbe mwenye donge alikuwa mtu mwingine.

Makosa hayo yalijulikana kwa kuwa hayakufichika. Ninayoyahofia zaidi ni yale yasiyo na kishindo, ambayo aliyedhuriwa huambiwa kuwa ni kudura ya Mungu, naye kwa imani yake akanyamaza. Waama si kila mauti ya hospitali ni kosa la tabibu. Maradhi yana nguvu zake, na sheria hailazimishi mtu kuponya. Inalomlazimisha ni kutumia ujuzi na tahadhari ambayo tabibu wa kawaida wa fani yake angeitumia, na kipimo hicho, kilichotajwa katika mahakama ya Uingereza mwaka 1957, kingali kikitajwa mbele ya mahakimu wetu. Aidha Katiba yetu, ibara ya 107A, inaziagiza mahakama zitoe fidia ipasayo kwa walioathirika kwa makosa ya wengine. Basi fidia si sadaka wala hisani ya mkubwa fulani.

Tatizo liko katika ithibati. Mdai ndiye apasaye kuthibitisha, ilhali ushahidi umo mikononi mwa mdaiwa. Mgonjwa wetu huja na daftari la shule, pembe zimekunjamana, ndani yake tarehe, jina la dawa na mwandiko ambao mwenyewe hawezi kuusoma. Lakini akishalazwa, mambo mazito yote, yaani fomu ya ridhaa ya upasuaji, chati ya maendeleo ya uchungu, karatasi ya dawa ya usingizi, hukaa katika jalada la hospitali, naye hurudi nyumbani na daftari lake tu. Nasema bila kusita kwamba mgonjwa, au warithi wake, wapewe nakala ya jalada lile mara waombapo, bila kuulizwa wanalitakia nini; kwani haki isiyo na karatasi huishia mlangoni pa mahakama.

Wapo wanaoona haya kudai, wakimwonea huruma muuguzi aliyekesha peke yake na wodi nzima. Huruma hiyo ni njema, nami ninayo. Lakini sheria imekwisha kulitazama hilo: mwajiri huwajibika kwa kosa la mtumishi wake alilolitenda kazini, na kwa kituo cha serikali maana yake ni Halmashauri pamoja na Serikali, ambazo ndizo zilizomwacha muuguzi yule peke yake. Mienendo ya daktari, hiyo ni kazi ya Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo lina mamlaka ya kumwadhibu hata kumfutia usajili. Fidia ni shauri jingine, na wengi huyachanganya mawili haya. Shauri dhidi ya Serikali hutanguliwa na notisi ya siku 90, na hufunguliwa Mahakama Kuu, ambayo kwetu ni ya Bukoba, safari ndefu na ya gharama kwa mkulima wa kahawa. Na madai ya madhara ya uzembe hufa baada ya miaka 3, illa kwa mtoto, ambaye muda wake hauanzi kuhesabiwa hata atimize umri wa utu uzima. Mama ambaye mwanawe aliumizwa wakati wa kuzaliwa asikate tamaa upesi.

Limebaki dhara litokalo katika bidhaa yenyewe, yaani dawa. Mwaka 2012 dawa bandia za kufubaza virusi vya UKIMWI ziligunduliwa katika hospitali ya Tarime, zikiwa zimekwisha kupita katika mikono ya watu wenye dhamana. Tangu 1932, katika shauri la bibi mmoja wa Uskochi aliyekuta konokono katika chupa ya kinywaji, imekubaliwa kwamba mtengenezaji ana dhima kwa mtumiaji wa mwisho, hata kama hawakuonana wala kuuziana. Lakini yule aliyepimiwa vidonge katika bahasha ya kaki atamjuaje mtengenezaji? Sisi tuliopakana na Uganda pale Murongo, mto tu ukitutenga, yatupasa tulitake duka la dawa muhimu lituonyeshe boksi lenyewe, tunakili namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, tudai risiti, na dawa ikidhuru tusitupe vidonge vilivyobaki, bali tuvipeleke pamoja na taarifa kituo cha afya au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, tukibaki na picha ya boksi na risiti yake nyumbani.