Shujaa Mwenye Fuvu Kifuani
(Mazungumzo ya asubuhi redioni)

 Leo nataka tuzungumze juu ya vitabu vya katuni. Usicheke, wala usizime redio. Ukiingia katika nyumba nyingi za ghorofa hapa Kilimani, katika chumba cha kijana, huenda ukakuta juu ya meza yake au ndani ya simu yake picha ya mtu aliyevaa fulana nyeusi yenye fuvu kubwa jeupe kifuani. Mzazi hushtuka, akadhani kijana wake ameingia katika mambo ya giza. Sivyo. Huyo anaitwa Punisher, yaani Mwenye Kuadhibu.

Alionekana mara ya kwanza mwaka 1974 huko Marekani, katika kitabu cha Spider-Man, tena akiwa adui. Jina lake ni Frank Castle, askari aliyepigana vita vya Vietnam. Mkewe na watoto wake waliuawa na majambazi katika bustani ya New York, na tangu siku hiyo yeye haendi polisi wala mahakamani. Huwatafuta wahalifu mmoja mmoja, akawaua. Hiyo ndiyo hadithi yote; mengine ni bunduki tu.

Wazee wenzangu, tusijifanye tumezaliwa na Biblia mkononi. Katika miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, vijana wa Nairobi walipokezana gazeti la African Film mpaka kurasa zikachakaa. Lance Spearman alikuwa na kofia yake ya panama, sigara yake nene, na ngumi zisizokosea. Tulimpenda kwa kuwa alikuwa Mwafrika mwenzetu, nadhifu, na hakuna jambazi aliyemweza. Lakini Spearman alikuwa na Kapteni Victor wa polisi, ambaye alishirikiana naye. Huyu mwenye fuvu hana Kapteni Victor. Yeye ndiye mpelelezi, ndiye shahidi, ndiye hakimu, ndiye mnyongaji.

Kwa nini basi kijana mwema, anayeimba kwaya, ampende mtu kama huyo?

Mama mmoja wa mtaa huu ameniandikia barua. Mwanawe mkubwa alichomwa kisu jioni moja alipokuwa akinyang'anywa simu. Alipona, lakini mkono wake wa kulia hautashika tena kalamu vizuri. Mtuhumiwa alikamatwa, na kesi imeahirishwa mara saba. Mara shahidi hakufika, mara faili haionekani. Mdogo wake, kijana wa miaka kumi na sita, huandamana na mama yake likizoni, hukaa kwenye benchi, hurudi nyumbani bila kusema neno. Usiku husoma vitabu hivyo. Mama anauliza: "Je, Mchungaji, nivichome?"

Usivichome, mama. Ukivichoma utakuwa umechoma karatasi, na uchungu utabaki pale pale kitandani kwake. Mtoto huyu hapendi damu. Anapenda kesi inayokwisha. Katika kitabu hakuna kuahirisha. Ukifika ukurasa wa ishirini, mwovu amelipwa. Njaa hiyo ya haki si dhambi. Ni Mungu aliyeiweka ndani yake.

Ila mwonyeshe jambo moja ambalo kitabu kinamficha. Mchoraji amekwisha kumwonyesha msomaji nani ni mwuaji. Tulimwona akifyatua risasi katika ukurasa wa tatu, kwa hiyo hatuna wasiwasi. Huku kwetu barabarani hakuna mchoraji. Mtu mmoja hupiga kelele, "Mwizi!" na kabla hujauliza ni nani aliyeona, mawe yamekwisha kuokotwa na tairi limeletwa. Tarehe 31 Machi 2017, huko Eastleigh, afisa wa polisi aliyevaa nguo za kiraia aliwapiga risasi vijana wawili mchana, mbele ya watu. Video yake ilienea, na Wakenya wengi wakashangilia. Nina hakika baadhi yao walikuwa wamekaa kanisani Jumapili iliyofuata. Na Katiba yetu ya 2010 inasema kila mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Tena, mkono uliozoea kuua bila kuulizwa hausimami kwa wezi. Juni 2016 wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake, mwendesha bodaboda aliyekuwa amemshtaki polisi kwa kumpiga risasi, na dereva wa teksi aliyewabeba. Julai 2022 maafisa watatu wa polisi na raia mmoja walitiwa hatiani. Yule dereva alikuwa na kosa gani?

Hata Gerry Conway, mmoja wa waliombuni huyu Punisher, amesema waziwazi kwamba si halali polisi kuvaa fuvu lile, maana ni alama ya mvunja sheria. Katika kitabu kimoja cha mwaka 2019, Punisher mwenyewe anaichana alama hiyo aliyoikuta kwenye gari la polisi.

Sasa fungua Kutoka, sura ya pili. Musa aliona dhuluma ya kweli, hakuizua. Akatazama huku na huku, akamwua Mmisri, akamfukia mchangani. Kesho yake aliulizwa ni nani aliyemfanya kuwa mwamuzi, na aliyemwuliza hakuwa Mmisri bali Mwebrania mwenzake. Musa akakimbilia Midiani. Msimamizi mmoja alikufa. Matofali yaliendelea kufyatuliwa.

Kisha soma Luka, sura ya kumi na nane. Mjane yule hakuwa na bunduki wala fuvu kifuani. Alikuwa na hakimu mbaya kabisa, asiyemcha Mungu, akaenda mlangoni pake, akarudi, akaenda tena. Sijui kama mchora katuni angeweza kumwuza mwanamke huyo. Kilimani tuna barabara tunayoipita kila siku, ya Argwings Kodhek. Wangapi tunakumbuka kwamba alikuwa wakili, aliyewatetea washtakiwa wa Mau Mau wakati wa Hali ya Hatari, wakati kutiwa hatiani kulimaanisha kamba? Alifariki mwaka 1969 katika barabara hiyo hiyo.

Mama huyu ameenda mahakamani mara saba, na mara zote ni yeye na wanawe tu. Sisi washirika wenzake tulikuwa wapi? Faili hupotea kwa urahisi zaidi pale ambapo benchi ni tupu. Kesi itatajwa tena mwezi ujao, siku ya Jumanne, na tarehe nimeibandika mlangoni pa kanisa. Wanaume wa ushirika, wakina mama, na wewe kijana unayesikiliza kwa siri chini ya blanketi, tukutane kanisani saa moja na nusu asubuhi. Mwenye gari asije peke yake.