Soma Ubavu wa Tairi Kabla ya Kulipa

Mazungumzo na wanakisomo na wanachama wa kikundi cha uchumi



Leo tumekuja kuzungumza juu ya matairi. Msishangae. Ninyi mmekwisha jifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Kisomo kisichotumika ni kama jembe lililotundikwa ukutani: linaliwa na kutu. Basi leo tutasoma kitu ambacho watu wengi hukipita kila siku bila kukisoma. Kitu hicho ni ubavu wa tairi la gari.

Kikundi chenu kina gari aina ya Land Cruiser. Mchana linapeleka mahindi sokoni. Usiku likiitwa, linapeleka mama mjamzito hospitali. Sasa matairi yake yamekuwa vipara, nanyi mmechanga fedha za kununua mengine. Fedha hizo ni jasho la wengi. Mkinunua vibaya, hasara si ya fedha peke yake. Tairi likipasuka kwenye mteremko, walio ndani ya gari ni ndugu zetu.

Je, tairi zuri tutalijuaje? Wengine hutazama weusi wake. Wengine hulipiga teke. Wengine humwuliza muuzaji, naye husema yote ni mazuri. Zamani tulizoea matairi yaliyotengenezwa Arusha, katika kiwanda cha General Tyre. Kiwanda hicho kilisimama mwaka 2009. Leo matairi yanatoka nchi nyingi, na majina ni mengi mno. Lakini namba zinazoandikwa ubavuni zinasomwa kwa njia moja. Tuzisome.

1. Kipimo

Tuchukue mfano wa tairi lililoandikwa 265/70R16. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 70 ni kimo cha ubavu: ukigawa upana sehemu 100, kimo ni sehemu 70. Herufi R inaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. Namba 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi la 16 haliingii rimu ya 15, hata fundi awe hodari namna gani.

Kipimo kinachofaa gari lenu kimeandikwa kwenye kibandiko kando ya mlango wa dereva, au katika kitabu cha gari. Kinakili kwenye karatasi, uende nayo dukani.

Vijana wengine wanapenda matairi makubwa zaidi ili gari lipendeze. Tairi kubwa kupita kiasi linasugua bodi wakati wa kukata kona, na breki zinafanya kazi ngumu zaidi. Tena saa ya mwendo inadanganya: dereva anaona 80, kumbe gari linakwenda zaidi ya 80.

2. Nguvu ya kubeba

Baada ya kipimo kuna namba nyingine na herufi, kwa mfano 112S. Hapa ndipo watu wengi wanapoponzwa. Namba 112 si kilo 112. Ni namba ya kutazama katika jedwali, na maana yake ni kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 1120. Namba 100 maana yake ni kilo 800. Herufi S ni mwisho wa mwendo, yaani kilomita 180 kwa saa.

Tufanye hesabu. Mzigo mwingi hukaa nyuma ya gari. Matairi mawili ya nyuma yenye namba 112 yanabeba kilo 2240. Yenye namba 100 yanabeba kilo 1600. Tofauti ni kilo 640, yaani zaidi ya magunia sita ya kilo mia mia! Kwa macho matairi hayo yanaweza kufanana kabisa. Kwa hiyo msinunue tairi lenye namba iliyo chini ya ile inayotakiwa na gari lenu, hata likiuzwa rahisi.

3. Umri

Tafuteni herufi DOT. Mwishoni mwa mstari huo kuna tarakimu nne. Zikiwa 3523, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2023. Usipoziona, tazama ubavu wa pili.

Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Jua na hewa huukausha ukapasuka nyufa. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka likishatumika miaka 5. Likifika miaka 10 tangu kutengenezwa, liondolewe hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Jihadharini na tairi la mtumba lililopakwa dawa likang'aa. Dawa huficha nyufa, haiondoi miaka. Jihadharini pia na tairi lililochongwa kashata upya kwa kisu. Mpira uliochongwa ni ule ule uliokuwa unalinda nyuzi za ndani.

4. Njia mnayopita

Tairi lenye herufi H/T ni la lami. M/T ni la matope: kashata zake ni kubwa, lakini kwenye lami linapiga kelele na kuisha upesi. A/T liko katikati. Gari linalopita udongo, changarawe na lami kwa siku moja, kwa kawaida linafaa A/T.

Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lipewe matairi manne ya kipimo kimoja na aina moja. Yakitofautiana ukubwa, gia zitashindana zenyewe kwa zenyewe na kuharibika. Tairi la akiba nalo liwe la kipimo hicho hicho.

5. Rimu

Kama rimu nazo zimechakaa, msihesabu nati tu. Land Cruiser HZJ75 ina nati sita, HZJ79 ina nati tano. Land Rover Defender nayo ina nati tano, lakini matundu yake yamepangwa kwenye duara la milimita 165.1, na ya HZJ79 ni milimita 150. Haziingiliani. Kwa njia zetu rimu ya chuma inafaa. Ikigonga jiwe hupinda, na fundi anaweza kuinyosha. Rimu ya aluminiamu inaweza kupasuka.

6. Baada ya kufunga

Nati zikazwe kwa kukingamana, si kwa kuzunguka. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikazwe tena. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko. Tairi lenye upepo mdogo hupata joto jingi, na joto ndilo linalolipasua. Mkiona kashata zimechakaa hadi usawa wa vile vituta vidogo vilivyo ndani ya mifereji, yaani milimita 1.6, tairi limekwisha. Msilipe safari nyingine.

Ndugu zetu, pelekeni dukani watu wawili: fundi na mwanakisomo. Fundi atazame, mwanakisomo asome na kuandika. Namba zote ziandikwe kwenye risiti, kisha zisomwe mbele ya mkutano. Hapo kila mwanachama atajua fedha yake imenunua nini.



Maswali ya kujadili darasani

1. Tairi lenye tarakimu 1219 lilitengenezwa lini?
2. Matairi mawili yenye namba 112 yanabeba kilo ngapi?
3. Nendeni kwenye gari lililo karibu. Someni ubavu wa kila tairi na kuandika. Je, yote manne yanalingana?