Sayansi na Mipaka Yake



Hapana mtu wa nyanda za Kano asiyeijua malaria. Zamani Wazungu walidhani huletwa na hewa mbaya ya vinamasi. Hata jina lenyewe, kwa Kitaliano, lina maana hiyo. Hawakuwa wajinga, maana waliokaa karibu na vinamasi waliugua kweli. Lakini mwaka 1897, katika Bara Hindi, daktari Ronald Ross alimpasua mbu aliyemnyonya mgonjwa damu, akaviona vijidudu vya homa tumboni mwake. Basi kosa la wazee wale halikuwa katika kuona, bali katika kueleza sababu.

Hiyo ndiyo kazi ya sayansi: kutazama, kukisia, kisha kuyajaribu makisio. Wala haioni haya kujisahihisha. Dawa ya klorokwini iliponya wengi, lakini vijidudu vikaizoea. Mwaka 1998 Kenya ikaacha kuitegemea kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Waliogundua udhaifu wake ni wapimaji wenyewe.

Hata hivyo sayansi ina mpaka. Yatuambia kwamba mbu huzaliana katika maji yaliyotuama, hata katika majaruba ya mpunga yanayotulisha hapa tangu 1969. Yatuambia pia kwamba watoto wadogo na wajawazito ndio walio hatarini zaidi. Lakini chandarua kikiwa kimoja nyumbani, nani alale ndani yake? Kipimo cha daktari hakimwamrishi baba kumwachia mwanawe. Hilo huamuliwa na utu.