Barua Iliyokwenda Babeli

Leo nazungumza hasa na wewe uliyeingia katika imani ya Kikristo hivi karibuni. Huenda ulibatizwa Pasaka iliyopita, au uliongozwa sala ya toba kwenye mkutano wa injili, au bado unahudhuria mafundisho ya ukatekumeni parokiani kwako. Biblia umeshaipata na umeifungua. Na pengine umeifunga tena, kwa kuwa hukujua uanzie wapi.

Wengi huanzia ukurasa wa kwanza. Kitabu cha Mwanzo huenda vizuri: Nuhu na safina, Abrahamu, Yusufu na ndugu zake waliomuuza. Kutoka nacho kinasomeka, mpaka Waisraeli wanapovuka bahari na kufika mlima Sinai. Halafu, kuanzia sura ya 25, zinakuja mbao, mapazia, vitako vya fedha na vipimo vya hema, na baada yake Mambo ya Walawi na taratibu za sadaka. Hapo msomaji mpya huchoka, kisha hujilaumu kwamba imani yake ni haba. Ndugu yangu, imani yako si haba. Ulichoshika mkononi ni vitabu vingi vilivyofungwa pamoja, 66 katika Biblia za Waprotestanti na 73 katika Biblia ya Wakatoliki. Humo mna historia, sheria, mashairi, mithali, barua na maono. Hakuna aliyekuamuru uvisome kwa kufuata mpangilio wa jalada.

Akishachoka hivyo, mtu huhamia kwenye mstari mmoja mmoja. Mstari wa siku unaingia kwenye simu alfajiri, mwingine uko kwenye kalenda ya kanisa, mwingine umebandikwa kioo cha nyuma cha daladala. Mstari mmoja unaweza kumshika mtu katika usiku mgumu, nami sitaki kumnyang'anya yeyote faraja yake. Ninachokuomba ni kwamba mstari ukikugusa, urudi ulikotoka, usome yote yaliyouzunguka.

Tuchukue mmoja tunaoujua sote, Yeremia 29, mstari wa 11. Ni ule ambao Mungu anawaahidi watu wake kwamba anawakusudia amani, wala si mabaya, na kwamba mbele yao liko tumaini. Tunawaandikia vijana wanaohitimu, tunaunukuu kwenye kadi za harusi. Sasa fungua sura yenyewe, anza mstari wa kwanza. Utakuta ni barua.

Nabii Yeremia yuko Yerusalemu. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza mfalme wa Babeli aliuzingira mji huo, akamchukua mfalme kijana Yekonia, mama yake, wakuu, mafundi na wahunzi, akawahamishia kwake. Watu hawa wameondolewa kwenye nyumba zao, kwenye makaburi ya wazazi wao na kwenye hekalu lao. Wanaishi katika nchi ya adui, na swali lao ni moja tu: tunarudi lini?

Jibu tamu lilikuwa limekwisha kutolewa. Rudi nyuma sura moja, ya 28, utakutana na nabii Hanania. Alisimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwa jina la Bwana kwamba ndani ya miaka 2 mateka wangerudi, pamoja na vyombo vya hekalu vilivyotekwa. Yeremia alikuwa amevaa nira shingoni kama ishara ya utumwa wa Babeli. Hanania akaichukua nira ile, akaivunja hadharani. Hebu fikiria shangwe iliyokuwapo! Nani asingependa kumwamini nabii wa namna hiyo?

Barua ya Yeremia inasema kinyume. Inawaambia mateka wajenge nyumba huko huko Babeli na kukaa ndani yake. Wapande bustani wale matunda yake. Waoe, waozeshe watoto wao, waongezeke. Tena, na hili ndilo gumu kuliko yote, wauombee amani mji uliowateka. Halafu inataja muda: miaka 70. Mtu mzima aliyeisikia barua ile ikisomwa alielewa mara moja kwamba yeye hatarudi. Atazikwa Babeli. Watakaorudi ni watoto wake, au wajukuu.

Ndipo, baada ya hayo yote, unakuja mstari wetu wa 11.

Je, umepungua thamani? Mimi naona umeongezeka. Ukiusoma peke yake, ni rahisi kuusikia kama ahadi kwamba kazi itapatikana mwezi huu na kesi itaisha wiki ijayo. Mwezi ukipita bila kazi, unabaki ukijiuliza kama Mungu amesema uongo au wewe umekosea kuomba. Lakini ukiusoma ndani ya barua yake, unaambiwa jambo zito zaidi: Mungu hakuwasahau watu waliokuwa katikati ya taabu isiyokwisha upesi, na wema wake kwao ulikuwa mrefu kuliko umri wa mtu mmoja. Mama anayemuuguza mtoto mwenye maradhi ya muda mrefu anaweza kuuegemea mstari huo. Mkimbizi aliyezaa na kuzeeka kambini anaweza kuuegemea. Hanania hakuwa na neno kwa watu hawa.

Nasisitiza habari za Hanania kwa sababu wako wanaozungumza kama yeye hata leo. Mtu akikusomea mstari mmoja kisha akakuambia uache dawa ulizoandikiwa hospitalini, au uuze kiwanja ulete fedha ili mlango wako ufunguke, mwombe kwa heshima mwisome pamoja sura nzima. Una haki hiyo. Hanania naye alilitaja jina la Bwana, naye alikuwa hekaluni.

Namba za sura na mistari zinatusaidia kupata mahali haraka, lakini waandishi wenyewe hawakuziweka. Mgawanyo wa sura tulionao ni wa karne ya 13. Namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Mtume Paulo alipowaandikia Wakolosai, aliagiza barua yake isomwe mbele ya kanisa lao, kisha ipelekwe Laodikia ikasomwe huko pia. Watu walikaa wakasikiliza tangu salamu hadi kwaheri. Nawe fanya vivyo hivyo na barua fupi: Wafilipi ina sura 4 tu, unaimaliza kabla chai haijapoa. Ukiwa nayo, kumbuka kwamba mwandishi amefungwa gerezani, ndipo utaona ajabu ya furaha iliyomo.

Wapi pa kuanzia basi? Injili ya Marko. Ndiyo fupi kuliko zote nne, ina sura 16, na inakwenda mbio: Yesu anaponya, anafundisha, anabishana na wakubwa, anaelekea msalabani. Isome kwa sauti ukiweza, na kama hujui kusoma, mwombe mwanao akusomee. Ukitoka hapo nenda Luka, kisha moja kwa moja Matendo ya Mitume, kwani vyote viwili vimeandikiwa mtu mmoja, Theofilo, na hadithi inaendelea. Kiswahili cha tafsiri ya Union Version ya 1952 kikikulemea, soma pamoja nayo tafsiri ya Habari Njema, usione haya.

Na usisome peke yako siku zote. Katika Matendo, sura ya 8, yumo afisa wa Ethiopia, mtunza hazina wa malkia, aliyekuwa akirudi kutoka Yerusalemu huku akisoma kitabu cha nabii Isaya garini mwake. Alikuwa msomi na mtu mwenye cheo. Mwinjilisti Filipo alipomsogelea na kumuuliza kama anaelewa, hakujifanya. Alikiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza, akamkaribisha Filipo akae naye, kisha akauliza swali zuri sana: nabii anasema habari za nani, zake mwenyewe au za mtu mwingine? Filipo hakumkemea kwa kuuliza. Alianzia kwenye maandiko yale yale, akamweleza habari za Yesu. Mtafute Filipo wako: katekista, mwinjilisti, mama mmoja wa jumuiya aliyeisoma Biblia miaka mingi. Mwulize unalotaka. Akikuambia kuuliza ni dhambi, tafuta mwingine.

Juma hili naomba usome Yeremia sura ya 27, 28 na 29 kwa mkao mmoja, na uandike pembeni kila mahali unapokwama. Juma lijalo, saa hizi hizi, tutafungua Marko sura ya kwanza, tuanzie kwa Yohana Mbatizaji pale mto Yordani.