Dawa Ipimwe, Mtu Aheshimiwe



Mada niliyopewa ni majaribio ya dawa kwa binadamu. Huenda baadhi yenu mnajiuliza jambo hili linaihusu vipi Tume ya Haki na Amani, kwa kuwa tumezoea kuzungumza hapa habari za mashamba, mishahara na uchaguzi. Lakini fikirini hali hii. Mama amempeleka mtoto wake hospitali. Huko anaelezwa kwamba kuna dawa mpya inayochunguzwa, naye anaombwa atie sahihi au aweke dole gumba ili mtoto aingizwe katika utafiti. Jioni anakuja kwako, kiongozi wake wa jumuiya, anauliza: "Nikubali au nikatae?" Utamjibu nini?

Wapo watakaomwambia akimbie, maana anataka kufanyiwa majaribio kama panya. Wapo watakaomwambia akubali mara moja, maana kila kitokacho kwa daktari ni chema. Hakuna hata moja kati ya majibu hayo linalomtendea haki.

1. Kwa nini dawa ipimwe

Wahenga walisema, ukiona vinaelea, vimeundwa. Dawa huanzia maabara, hujaribiwa kwa wanyama, kisha hupewa watu wachache ili kuona kama ni salama, halafu mamia, na mwishowe pengine maelfu. Katika hatua hizo za mwisho wagonjwa hugawanywa kwa namna ya kura. Kundi moja hupata dawa mpya. Kundi la pili hupata dawa inayotumika siku zote, au, pale pasipokuwa na tiba iliyothibitishwa, kidonge kisicho na dawa ndani yake. Mara nyingi mgonjwa hajui amepata kipi, wala daktari anayemhudumia hajui. Hiyo si hila, mradi mgonjwa ameelezwa tangu mwanzo. Maradhi mengine hupungua yenyewe, na matumaini peke yake humfanya mgonjwa ajisikie nafuu. Bila kulinganisha, hatuwezi kujua ni nini hasa kilichomsaidia.

Tulijifunza hayo kwa uchungu. Mwaka 1990 ilitangazwa nchini Kenya kwamba dawa iliyoitwa Kemron, yenye kiasi kidogo sana cha intaferoni, imewapa nafuu kubwa wagonjwa wa UKIMWI. Rais Daniel arap Moi mwenyewe aliizindua. Wagonjwa walioelezwa katika taarifa ya watafiti walikuwa 40, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mfa maji hukamata maji: wagonjwa waliitafuta dawa hiyo kwa hamu, hata wengine kutoka Marekani. Majaribio yaliyofuata, likiwemo moja lililofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 1998, hayakuona faida yoyote kwa waliopewa dawa kuliko waliopewa kidonge kitupu. Kumuuzia mgonjwa matumaini yasiyopimwa ni dhuluma pia, hata kama muuzaji ana nia njema.

Tunayo pia habari ya kutufariji. Zamani mgonjwa wa kifua kikuu alitakiwa kutumia dawa kwa miezi 18, na wengi walichoka njiani. Kuanzia mwaka 1970 watafiti wa Afrika Mashariki na wa Uingereza waliwagawa wagonjwa kwa makundi katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Matokeo ya mwaka 1972 yalionyesha kwamba, kwa dawa zilizochanganywa vizuri, miezi 6 yatosha. Tiba ya miezi sita inayotumika leo duniani kote ina deni kwa wagonjwa wale.

2. Kwa nini mtu aheshimiwe

Hofu ya watu wetu ina sababu. Kuanzia mwaka 1932 Idara ya Afya ya Serikali ya Marekani iliwachunguza wanaume weusi wapatao 600 huko Tuskegee, jimbo la Alabama. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Penisilini ilipothibitishwa kuwa tiba, hawakupewa, ili watafiti waendelee kuutazama ugonjwa. Utafiti huo ulikomeshwa mwaka 1972, baada ya magazeti kuufichua. Watu wale walikuwa maskini, na walimwamini daktari.

Tayari mwaka 1947, katika hukumu ya madaktari wa Kinazi waliotesa wafungwa, mahakama ya Nuremberg ilikuwa imeweka kanuni kwamba ridhaa ya hiari ya mtu ni sharti lisiloepukika. Na mwaka 1952 Papa Pius XII alifundisha kwamba daktari hana mamlaka juu ya mgonjwa kupita yale anayopewa na mgonjwa mwenyewe.

Inawezekana kutimiza yote mawili. Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, katika vituo 11, vikiwemo Kilifi, Bagamoyo na Korogwe. Wazazi waliombwa ridhaa. Vyandarua vyenye dawa viligawiwa. Watoto wa kundi la kulinganisha walipewa chanjo nyingine yenye manufaa, kama ile ya kichaa cha mbwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika.

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo karatasi ya ridhaa haiwezi kulimaliza. Ikiwa njia pekee ya mama kumwona daktari ni kukubali utafiti, je, amekubali kwa hiari? Na dawa ikithibitishwa, kisha ikauzwa kwa bei asiyoiweza, je, ametendewa haki? Hapo ndipo kazi yetu ilipo.

3. Tumsaidie kuuliza

Mama yule asiamuliwe na mtu. Msindikizeni, mkamsaidie kuuliza haya:

(a) Mnatafuta kujua nini, na hatari zake ni zipi?
(b) Nikikataa, au nikijitoa katikati, mtoto wangu ataendelea kutibiwa kama kawaida?
(c) Akidhurika, nani atamtibu, na kwa gharama ya nani?
(d) Ni kamati gani ya maadili iliyouidhinisha utafiti huu?
(e) Dawa ikifaa, sisi wa hapa tutaipata?

Mtafiti mwaminifu atayafurahia maswali haya. Anayeyakasirikia amekwisha kuwajibu.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Je, katika parokia yetu kuna watu wanaouziwa dawa zisizopimwa? Tumefanya nini?
2. Ni nani kati yetu anayeweza kumsomea na kumweleza karatasi ya ridhaa mtu asiyejua kusoma?