Mkopo Ufuate Msimu: Benki na Biashara za Kitale na Bungoma Nyakati za Dhiki



Hoja yangu ni moja. Uchumi unapoyumba, mkopo humwokoa mfanyabiashara ukifuata msimu wake na kukubali dhamana aliyo nayo. Usipofanya hivyo, hata riba ikishushwa haimfai.

Tukumbuke Machi 2020. Tarehe 18, Benki Kuu ya Kenya iliruhusu marejesho ya wateja walioathiriwa na korona yapangwe upya. Siku tano baadaye, riba ya msingi ilishushwa kutoka asilimia 8.25 hadi 7.25, na akiba ambayo benki hulazimika kuweka Benki Kuu ikapunguzwa, hatua iliyoachilia shilingi bilioni 35.2 za kukopesha. Kufikia Machi 2021, mikopo ya takriban shilingi trilioni 1.7 ilikuwa imepangwa upya, zaidi ya nusu ya mikopo yote ya benki nchini. Uamuzi wa kupanga upya marejesho ulikuwa wa busara. Lakini nafuu ile ilimfikia aliyekuwa na mkopo tayari.

Mtazameni mwenye duka la pembejeo Kitale mwezi huo huo wa Machi 2020. Mvua imekaribia. Anataka mbegu ya mahindi ya H614 na mifuko ya mbolea ya DAP dukani, na wateja wake wengi watalipa wakishauza mahindi, mwisho wa mwaka. Akikopa, marejesho yanaanza mwezi unaofuata. Bungoma ni kugumu zaidi: muwa hukaa shambani kama miezi 18, kisha mkulima husubiri malipo ya kiwanda, naye mwenye duka humsubiri mkulima.

Wapo wanaodai dawa ni kuweka kikomo cha riba. Tulijaribu Septemba 2016: pointi nne tu juu ya riba ya msingi. Benki zikawapa wadogo mgongo na kununua hatifungani za serikali, hadi kikomo kikafutwa Novemba 2019. Riba ya chini kwenye karatasi haimsaidii aliyenyimwa mkopo.

Sheria za kutufaa tunazo. Ile ya mwaka 2017 kuhusu dhamana ya mali inayohamishika inamruhusu mtu kukopa kwa bidhaa, mashine, mifugo, hata kwa madeni anayowadai wengine. Ya mwaka 2019 kuhusu stakabadhi za ghala inampa mwenye mahindi yaliyokaushwa, yakapimwa na kuhifadhiwa, karatasi ya kupeleka benki. Hatimiliki ya shamba si dhamana ya pekee tena.

Basi, wenye benki, pangeni marejesho yaangukie mavuno, na mfanye hivyo kabla dhiki haijabisha hodi. Serikali za kaunti, jengeni maghala yenye vikaushio na mizani ya kuaminika. Wafanyabiashara, andikeni mauzo na madeni yenu kila siku, maana daftari safi ndilo litakalowatetea mbele ya afisa wa mikopo. Nasi wahadhiri wa chuo tuwafundishe kuliandaa, bila malipo, kuanzia muhula huu.